Ngomeni: Watalii hupiga picha, sisi tukumbuke waliofia ndani

Kila siku watalii huingia Ngome ya Yesu mjini Mombasa na kamera zao shingoni. Hupanda juu ya buruji, wakapigana picha kando ya mizinga, wakatazama mlango wa Bandari ya Kale, kisha wakatoka kwenda kunywa madafu. Hayo si makosa. Lakini je, msomaji, ni wangapi wajuao wanakanyaga wapi?

Mreno aliianza ngome hiyo mwaka 1593, na tangu hapo kuta zake zimeona mauti mengi. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa huko, alimuua kapiteni wa Kireno, na baada yake wakauawa Wareno wengine wa mji, wake kwa waume, hata watoto. Aliyedhulumiwa alilipiza, lakini na walioshiriki dhuluma na wasioshiriki wote walipitiwa na upanga.

Maafa makubwa zaidi yalikuja Machi 1696, Waarabu wa Omani walipoizingira ngome. Mazingira hayo yalidumu miezi 33. Hapa ndipo hadithi tunayosimuliana barazani inapopunguka, kwani twasema tu Mwarabu alipigana na Mreno. Ukweli ni kwamba waliojaa ndani ya kuta wengi wao walikuwa watu wa pwani hii, waliokimbilia humo na jamaa zao. Njaa iliwala, na maradhi yakawala zaidi kuliko risasi. Mwaka 1697, Wareno walipokwisha kufa karibu wote, aliyeishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili na Mwislamu, pamoja na jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wapatao 50. Meli za msaada zilikuja baadaye, lakini maradhi hayakukoma. Desemba 1698 Waomani walipoingia, waliokuta hai ndani walihesabika kwa vidole.

Waliosimama nje ya ukuta walikuwa Waislamu, na ndani pia walikuwamo Waislamu. Wote wamezikwa na udongo mmoja. Kisha kuanzia 1895 hadi 1958 Mwingereza akaigeuza ngome kuwa jela, na machozi mengine yakamwagika humo. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na mwaka 2011 ngome ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Wako wasemao kwamba kutembelea mahali pa mauti kwa starehe ni utovu wa adabu. Wana haki kiasi. Ngomeni pamewahi kufanywa maonyesho ya usiku ya sauti na nuru, na karamu zikaandaliwa mle mle ambamo watu walikufa kwa njaa. Atakayeketi kula pale, angalau aambiwe habari hiyo kabla ya kunawa mikono.

Lakini kufunga mlango si dawa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliruhusu kuzuru makaburi kwa sababu ziara humkumbusha mtu akhera. Basi kinachopima ziara ni moyo aendao nao mtu. Mgeni kutoka Ulaya aendaye akauliza, akasikiliza, akanyamaza, amezuru. Mwenyeji wa Mji wa Kale apitaye nje ya ukuta miaka 40 bila kuingia hata siku moja, huyo amepoteza haki yake mwenyewe.

Na hapo ndipo penye aibu yetu. Watembezaji wageni huulizwa na watalii juu ya Wareno, nao hujibu juu ya Wareno. Bwana Daud hana wa kumuulizia. Ijumaa moja baada ya sala, mchukue mwanao mkono, ingia naye, msimulie, kisha inueni mikono muwaombee waliofia humo. Ziara ya namna hiyo haihitaji kamera, na maiti wa Ngomeni wameingoja zaidi ya miaka 300.