Imani Isiyotajwa: Ukristo katika Bunilizi ya J. R. R. Tolkien

Msomaji aitafutaye dini katika The Lord of the Rings, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotolewa kati ya mwaka 1954 na 1955, hupata taabu. Humo hamna kanisa wala kasisi, na sala ni adimu. Ilhali Tolkien, mwanaisimu aliyefundisha Kiingereza cha kale Oxford, alikuwa Mkatoliki thabiti. Katika barua ya mwaka 1953 alimweleza rafiki yake Mjesuti kwamba kitabu hicho kimsingi ni cha kidini, na kwamba ndiyo maana aliondoa karibu kila kilichohusu ibada.

Kauli hiyo yaonekana kujipinga. Haijipingi. C. S. Lewis, aliyerejea katika Ukristo mwaka 1931, akisaidiwa na mazungumzo yake na Tolkien, aliiweka imani mbele ya macho: simba wake Aslan hufa kwa kosa la mwingine, kisha hufufuka. Tolkien hakuipenda istiara ya namna hiyo. Alitaka imani iyeyuke ndani ya kisa kama chumvi mchuzini.

Ladha yake yaonekana kwanza katika suala la uumbaji. Katika mhadhara alioutoa St Andrews, Uskoti, mwaka 1939, Tolkien alidai kuwa binadamu hubuni dunia za kufikirika kwa sababu yeye mwenyewe aliumbwa kwa mfano wa Muumba. Uovu hauna uwezo huo. Frodo, aliyetwikwa jukumu la kuiangamiza Pete ya uovu, humwambia mwenzake Sam kuwa nguvu za giza haziumbi kitu. Viumbe waitwao orki waliharibiwa tu. Hilo ni fundisho la kale la Mtakatifu Augustino. Mofolojia ya Kiswahili, kwa bahati njema, hulieleza kwa ufupi kuliko wanateolojia: kutokana na umba hupatikana umbua, kama fungua itokavyo katika funga. Pasipokuwa na kuumba, hakuna cha kuumbua.

Lakini hoja nzito zaidi imo katika kilele cha riwaya. Akiwa ukingoni mwa moto, Frodo hushindwa. Huikatalia Pete na kudai ni yake. Kinachookoa ulimwengu si ushujaa wake bali huruma ya zamani: Gollum, kiumbe dhalili ambaye Bilbo, na baadaye Frodo mwenyewe, waliweza kumwua wakamwacha hai, humnyang'anya Pete kwa meno na kutumbukia nayo motoni. Mtunzi asiyeamini neema angemwacha shujaa ashinde kwa nguvu zake, au aangamie.

Siku hiyo ni tarehe 25 Machi. Katika kalenda ya Kanisa ndiyo sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, na mapokeo ya kale huihesabu pia kuwa siku aliyosulubiwa Kristo. Tolkien huitaja tarehe, asiseme neno juu yake.