Habari ni Kilichorudi

Mwaka wa chuo kikuu hauishi Desemba. Hapa Tanzania vyuo vingi hufungua Oktoba au Novemba na kufunga Julai mitihani ikishapita, na mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Katika majuma hayo ya kufunga, maktaba ya chuo kidogo hubadilika sura. Karatasi hubandikwa mlangoni kutangaza kwamba vitabu havitolewi tena na walio navyo wavirudishe. Meza zilizogombewa juma lililopita hubaki tupu, na wakutubi wachache waliopo huanza kuhesabu rafu moja baada ya nyingine. Hesabu ikikamilika huandikwa taarifa ya mwaka kwa uongozi wa chuo: vitabu vilivyonunuliwa, vya msaada vilivyopokewa, kompyuta zilizofungwa, saa zilizoongezwa jioni. Anayeisoma taarifa hiyo kwa kawaida hukimbilia vipya, na hapo ndipo anapokosea pa kutazama. Vipya huonyesha bajeti ya chuo au ukarimu wa wafadhili, lakini vilivyorudi huonyesha tabia ya watu. Anayetaka kujua jumuiya ya chuo inaishije, na aanze na ule mstari mfupi unaosema vitabu vingapi viliazimwa na vingapi vikarudi.

Kiswahili kimeshalipambanua jambo hili kabla ya wakutubi. Anayekopa sukari kwa jirani huinywea chai ikaisha, kisha hulipa sukari nyingine. Anayeazima sufuria hurudisha sufuria ileile, na kama ana adabu huirudisha imesuguliwa. Mkopo hutazama kiasi, ndiyo maana twasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kuazima hutazama kitu chenyewe na uso wa mwenye kitu, kwani kesho utamhitaji tena. Kitabu cha maktaba kiko upande wa sufuria. Mwanafunzi aliyekipoteza akalipa fedha amelipa deni, ila hajarudisha alichoazima, kwa kuwa toleo lile huenda halichapwi tena na duka la kukinunua haliko mkoani. Tena mwanafunzi wetu anaishi kati ya maneno haya mawili kila siku. Ada na chakula cha wengi hutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na bumu, yaani fedha hizo za mkopo, likichelewa chuo kizima hujua. Amejifunza kukopa kwa fomu, sahihi na wadhamini. Maktaba ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo anajifunza kuazima.

Ukitazama kazi ya kuhesabu kwa karibu, utaona inafanana zaidi na mwito wa majina darasani kuliko na stoku ya dukani. Mmoja huita namba, mwenzake hutazama rafu, na jibu huwa moja kati ya matatu: kipo, kimeazimwa, hakionekani. Kila kitabu kina namba yake ya daftarini na mhuri wa maktaba katika kurasa za mwanzo, na maktaba nyingi hupiga mhuri mwingine katika ukurasa wa ndani uliochaguliwa, uleule kwa kila kitabu, ili aliyechana mwanzo asipate pa kukania. Hata hivyo, “hakionekani” haina maana ya “kimeibwa”. Kitabu cha sheria ya mikataba hukutwa nyuma ya ensaiklopidia za kilimo, alikokificha mtu usiku wa kuamkia mtihani ili akikute peke yake asubuhi. Wengine hukuta kurasa za sura moja zimekatwa kwa wembe, na kila anayefundisha somo hilo anajua ni sura gani. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee. Hapa daftari hutoa habari mbili kwa mpigo, ya mali na ya watu walioitumia.

Udogo wa maktaba ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa ichukue watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Katika nyumba ya ukubwa huo mtu mmoja na kitabu kimoja huweza kupotea pasipo kuonekana. Katika chuo kidogo, nakala moja hutegemewa na darasa zima, na wakati mwingine ni nakala ya rafu ya akiba, inayotolewa kwa saa mbili tu na kusomewa humohumo ndani. Asiyerudisha hajaidhulumu taasisi isiyo na sura. Amewadhulumu wenzake anaokula nao kantini, na mkutubi anamjua. Ndipo zinapozaliwa desturi ambazo hakuna sheria iliyoziandika: kumwachia mwenzako kitabu kaunta badala ya kukipitisha chini ya meza, kuambizana nani anacho na anakirudisha lini, kuchangishana fedha za kukitoa kopi steshenari ili chenyewe kirudi mapema. Hata madesa, yale makaratasi ya kopi yanayorithishwa kutoka mwaka wa tatu kwenda wa kwanza, mara nyingi yana asili katika nakala moja iliyopita mikono mingi ikarudi salama.

Kuna watakaosema kwamba hapa napamba. Watasema wanafunzi hawarudishi kwa uaminifu bali kwa hofu, maana bila fomu ya kutodaiwa, wanayoiita klirensi, hakuna cheti, na maktaba ni mojawapo ya ofisi zinazotakiwa kuweka mhuri. Hoja hii ina nguvu, tena ina upande wa uchungu: faini ndogo kwa mtoto wa mwenye nacho huweza kuwa nauli ya kurudi nyumbani kwa mwingine, na chuo kinachozuia cheti kwa sababu ya kitabu kimoja kimesahau kitabu kile kilinunuliwa kwa ajili ya nani. Nakubali kwamba faini zinahitaji huruma, na kwamba kumruhusu mtu arudishe bila kuulizwa huleta vitabu vingi kuliko vitisho. Lakini klirensi huja mara moja, mwishoni. Haielezi kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye miaka miwili au mitatu mbele yake, anarudisha kitabu Jumanne kwa sababu mwenzake ana zoezi Jumatano. Kinachoeleza hilo ni haya, kwa maana yake ya zamani: kuona aibu mbele ya watu unaoishi nao. Sheria hufunga mwaka, lakini siku za katikati hutunzwa na desturi.

Wengine watasema maktaba si mila yetu hata kidogo, kwamba ililetwa na wakoloni pamoja na kimya chake na kibao chake cha “Usiongee”. Ni kweli kwamba huduma ya maktaba ya taifa ni changa: iliwekewa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Hata hivyo, desturi ya kitabu cha wote ina umri mkubwa zaidi katika pwani yetu. Katika Msikiti na chuo cha Riyadha huko Lamu, vilivyoanzishwa na Habib Swaleh kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kumehifadhiwa vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, na baadhi vina maandishi ya kuonyesha kwamba ni wakfu. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Hutumiwa na kila mwenye haja ya elimu, kisha hurudi mahali pake. Maneno hayo machache hufanya kazi ileile ya mhuri wa maktaba, kwa tofauti moja muhimu: mlinzi wake ni dhamiri ya msomaji. Hivyo wakoloni walileta rafu za chuma na kadi. Wazo la kwamba kitabu ni amana lilikuwa limeshatangulia.

Pingamizi la tatu ndilo la siku hizi: karatasi imepitwa, wanafunzi wanasoma kwenye simu, basi kuhesabu vitabu ni kuhesabu majani ya mti ulioanguka. Sikatai faida ya mtandao. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, umezifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba ambayo zisingeweza kuyanunua. Lakini mwanzoni mwa 2011 wachapishaji waliondoa majarida zaidi ya 2,500 katika mpango huo kwa upande wa Bangladesh, yakarudishwa baada ya kelele kupigwa. Kilichofunguliwa kwa nywila hufungwa kwa nywila, na aliyekuwa akisoma hana hata ganda la kuonyesha. Isitoshe, hata teknolojia haikuacha fikra ya amana. Koha, programu inayotumiwa na maktaba nyingi za vyuo vyetu kuorodhesha na kuazimisha vitabu, ilianza kazi mwaka 2000 katika wilaya ya Horowhenua, New Zealand, na ikapewa jina la Kimaori lenye maana ya zawadi, ile ambayo kwa mila ya Wamaori humwachia mpokeaji wajibu wa kutoa naye siku yake ikifika. Mwanakijiji wa Unyamwezi au wa Pemba asingehitaji kufafanuliwa.

Kuna rafu moja ambayo wanaohesabu huifikia wakiwa wamechoka. Katika mpangilio wa Dewey, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi ya Kiingereza ilipewa kumi zima la namba kuanzia 820, na fasihi za Ulaya zikafuata kwa zamu. Fasihi ya Kiswahili ilisukumwa kwenye masalio, namba 896.392, karibu na mwisho wa fungu la 800. Kwa hiyo Shaaban Robert huhesabiwa jioni, baada ya mataifa kupita. Ukitaka kujua chuo kinasoma nini kwa hiari, angalia hapo. Nakala za utepe na gundi, zenye migongo iliyopasuka na karatasi ya tarehe iliyojaa mihuri mpaka ikabandikwa nyingine juu yake, ni zile zilizotoka mara nyingi na kila mara zikarudi. Kitabu kipya kinachong’aa bado hakijajibu swali lolote. Kile kilichochakaa, anayehesabu akiita namba yake mwenzake akajibu “kipo”, kimeshatoa taarifa ya mwaka.