Pakiti Iliyopotea Ni Habari

Oktoba 1986, mtandao wa kompyuta uliounganisha Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake ulikaribia kusimama. Kati ya majengo hayo mawili hakukuwa na hata mita 400. Siku za kawaida data zilipita kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla zikawa zinapita biti 40. Kwa kuwa herufi moja huchukua biti 8, hizo ni herufi tano tu kwa sekunde. Mtu aliyeshika barua ya ukurasa mmoja mkononi angetoka jengo la kwanza kwa miguu na kufika la pili kabla kompyuta haijamaliza kuituma barua hiyohiyo.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Nyaya zilikuwa nzima, umeme ulikuwapo, na kompyuta zilikuwa zinachapa kazi kwa bidii. Bidii hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mtafiti wa maabara hiyo, Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels wa chuo kikuu, alikaa na tatizo hilo hadi akalielewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Kila unapofungua ukurasa au kupakua wimbo kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kanuni zilizozaliwa na kazi ile zinafanya kazi chini kwa chini.

Ili kuona walichokiona, inabidi kujua picha inavyosafiri. Ukimtumia ndugu yako picha, haiondoki nzima. Simu huikata vipande vidogo, kila kimoja kwa kawaida kisichozidi baiti 1,500, na kukiandikia anwani ya kinakotoka, anwani ya kinakokwenda, na namba itakayosaidia kupanga vipande upya mwishoni. Kipande hicho ndicho pakiti. Picha ya megabaiti 3 hutoa pakiti elfu mbili hivi. Wazo hili lilibuniwa miaka ya 1960 na watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi kivyake: Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Simu za zamani ziliwashikia wazungumzaji wawili njia nzima hata walipokuwa wamenyamaza. Pakiti zinawaruhusu maelfu ya watu kutumia njia moja, kila mtu akipita penye nafasi.

Njiani zimo ruta. Ruta husoma anwani, huamua upande wa kuelekea, huisukuma pakiti kwa ruta inayofuata, kisha inaisahau. Haijui kama imebeba picha ya harusi au stakabadhi ya benki. Pakiti zikiingia kwa wingi kuliko zinavyoweza kutoka, ruta huzipanga foleni kwenye kumbukumbu yake. Foleni ikijaa, pakiti inayofuata hutupwa, na kwa kawaida mtumaji haambiwi lolote.

Ndiyo, hutupwa. Wengi wakisikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni uzembe, kumbe ni uamuzi wa makusudi na, kwa maoni yangu, wa busara sana. Njia ikibaki nyepesi na isiyokumbuka kitu, ni rahisi kuipanua hadi izunguke dunia. Jukumu la kuhakikisha kwamba mzigo umefika limeachiwa kompyuta mbili zilizo kwenye ncha za safari. Hizo hufuata itifaki ya TCP, iliyotokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn, ambayo mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulihamia tarehe 1 Januari 1983. Mpokeaji hutuma jibu: nimepata mpaka namba fulani. Mtumaji asiposikia jibu kwa muda aliojiwekea, hutuma tena.

Kwenye hilo neno "tena" ndipo palipozuka balaa la 1986. Foleni ziliporefuka kwenye ruta, majibu yalichelewa. Kompyuta zikahesabu kwamba pakiti zimepotea, zikatuma nyingine. Nakala hizo zikazidisha foleni, majibu yakachelewa zaidi, zikatumwa nakala za nakala. Mwishowe njia ilijaa pakiti zilizokwisha kufika au zilizokuwa bado ziko foleni, na kazi mpya ikakosa pa kupita. Mhandisi John Nagle alikuwa ameonya tangu 1984 kwamba mtandao wa namna hii unaweza kujisonga wenyewe namna hiyo.

Jambo kubwa alilolisisitiza Jacobson ni hili: katika mitandao ya nyaya, pakiti huharibika njiani mara chache mno. Ikipotea, karibu kila mara imetupwa na foleni iliyojaa. Kwa hiyo kupotea kwake ni habari, tena habari ya bure, isiyohitaji mjumbe wala askari wa barabarani: kule mbele kumejaa. Kompyuta za wakati ule ziliipata habari hiyo na kufanya kinyume cha ilichotaka.

Akapendekeza mtumaji aanze kama mtu anayevuka mto asioujua, anayepima kina kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Hutuma pakiti moja, akasubiri jibu. Likija, hutuma mbili, kisha nne, kisha nane. Akikaribia kiwango kilichowahi kumletea hasara, huongeza taratibu, pakiti moja tu kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Pakiti ikipotea, hukata kiwango chake nusu. Kuongeza kidogokidogo na kupunguza kwa mkupuo ndiko kunakozipa foleni nafasi ya kuisha. Alirekebisha pia namna ya kukadiria muda wa kusubiri jibu: kompyuta isitazame wastani peke yake, ipime na jinsi muda huo unavyopandashuka, ili isiwe na pupa ya kutuma tena. Mabadiliko hayo yaliingizwa kwenye mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, ambao vyuo na maabara nyingi vilikuwa vikiutumia, na kutoka huko yakaenea.

Kinachonigusa hapa ni kwamba hakuna mamlaka inayogawa mwendo wa intaneti. Hakuna ofisi inayojua wewe unatuma kiasi gani na jirani yako kiasi gani. Kila kifaa kinajizuia chenyewe kwa sababu kimegundua kwamba jibu lililotarajiwa halikuja. Mbinu zimeboreshwa tangu wakati huo. Kompyuta nyingi zenye Linux hutumia mbinu iitwayo CUBIC, na mwaka 2016 Google ilitangaza nyingine, BBR, ambayo Jacobson mwenyewe alishiriki kuibuni. Msingi wa kujizuia haujabadilika.

Kanuni hii inaeleza pia mambo tuliyoyaishi Afrika Mashariki. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa bahari wa nyuzi za mwanga, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti na ulimwengu ilipitia satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka; mzunguko mmoja unakula karibu nusu sekunde hata kama hakuna mtu mwingine njiani. Mtumaji naye haongezi mwendo mpaka jibu limfikie. Ndiyo maana kampuni iliyonunua uwezo mkubwa zaidi bado iliona kila ukurasa unaanza kwa kusuasua: pesa hununua upana wa njia, umbali haziupunguzi. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam, ulileta upana na ukaribu kwa pamoja.

Nyuma zaidi ya hapo, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilikuwa ikivuka hadi bara jingine na kurudi iwapo watu hao wawili walitumia watoa huduma tofauti. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 ili kumaliza hali hiyo, kikafungwa na mamlaka baada ya muda mfupi, kikafunguliwa tena 2002. Vituo vya aina hii haviandikwi sana magazetini, na nadhani vinastahili kuandikwa kuliko minara mingi mipya.

Nyumbani nako kuna jambo. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aligundua kwamba akituma faili kubwa kutoka nyumbani kwake, kila kitu kingine kilikwama. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa imekuwa rahisi kununua, hivyo watengenezaji waliweka ruta zenye nafasi kubwa mno ya foleni. Walidhani wanazuia pakiti zisipotee, kumbe walikuwa wanazuia habari. Mtumaji, kwa kuwa hajapoteza kitu, anaendelea kusukuma, na pakiti ndogo ya simu ya sauti inangoja nyuma ya mlima wa pakiti hizo kwa sekunde nzima au zaidi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel, inayoifanya ruta itupe pakiti mapema mara foleni inapokaa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, simu ya video ikikatikakatika jioni, usiitazame mistari ya mawimbi tu, maana hiyo inaonyesha hatua ya kwanza ya safari, kutoka mkononi mwako hadi kwenye mnara au ruta ya ukutani. Angalia kama kuna kifaa ndani ya nyumba kinachopakia picha au video kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisimamishe, au ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute sehemu ya kudhibiti foleni, ambayo kwenye baadhi ya ruta huandikwa SQM, kisha weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini yako.