Fahamu: Jina la Kingalu limetoka wapi?

Kingalu ni nani?
Si mtu mmoja. Ni jina la kichifu la Waluguru: kila anayekalia kiti cha Kinole, kwenye Milima ya Uluguru, huitwa Kingalu, ndiyo maana huhesabiwa kwa namba. Tangu enzi za mababu, mwenye jina hilo amesifika kwa kuleta mvua.

Nani hurithi?
Waluguru hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo kiti huenda kwa mpwa, mtoto wa dada, si kwa mtoto wa kumzaa. Wageni wengi hukosea hapa.

Mbona jina hili linatajwa kila siku?
Soko kuu la Morogoro mjini linaitwa Chifu Kingalu. Simama Bigwa, pembezoni mwa mji, alfajiri, mikungu ya ndizi ikiteremka kutoka milimani. Uliza inakwenda wapi, utajibiwa, “Kingalu.”