Mhalifu anayesoma ratiba ya ofisi
Sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliangalia ujumbe wa ulaghai unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, ukimtafuta yeyote atakayenasa. Leo tunamgeukia mhalifu wa namna nyingine, aliye hatari zaidi kwa mwenye biashara. Huyu huchagua ofisi moja, huichunguza kwa miezi mingi, na siku anapoamua kuiba hutumia utaratibu uleule ambao ofisi hiyo imeuzoea.

Tukio linaloonyesha jambo hili waziwazi ni la Benki Kuu ya Bangladesh. Januari 2015 baadhi ya watumishi wa benki hiyo, jijini Dhaka, walipokea barua pepe yenye adabu kutoka kwa mtu aliyejiita Rasel Ahlam. Alikuwa anaomba kazi, na aliwaelekeza mahali pa kupakua wasifu wake. Jina hilo lilikuwa la kubuni. Faili lililopakuliwa lilibeba programu hasidi, na kwa njia hiyo wadukuzi wakapata pa kuingilia. Polisi wa Bangladesh walioichunguza kesi hiyo baadaye walisema mtandao wa benki ulikuwa ukiendeshwa kwa vifaa vya mitumba vya bei ya chini kabisa, bila kinga ya kutenganisha kompyuta za kawaida na zile za malipo.

Mtu angedhani kwamba baada ya kuingia wangeiba upesi na kutoweka. Hawakufanya hivyo. Mei 2015 akaunti nne zilifunguliwa katika tawi la benki ya RCBC lililoko Mtaa wa Jupiter, Makati, karibu na Manila nchini Ufilipino. Kila moja iliwekewa dola 500 za Marekani, kisha zikaachwa zikae bila kuguswa. Huko Dhaka wadukuzi walikuwa wakihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, wakijifunza nani anaidhinisha malipo, saa ngapi, na kwa maneno gani, mpaka wakazifikia mashine zinazotuma maagizo ya fedha kupitia mfumo wa SWIFT.

Alhamisi usiku, tarehe 4 Februari 2016, walianza kutuma. Maagizo 35, yenye jumla ya dola milioni 951, yalikwenda Benki ya Akiba ya Shirikisho mjini New York, ambako Bangladesh ina akaunti. Kwa macho ya karani wa New York, maagizo yale yalikuwa ya halali: yametoka mahali panapostahili, kwa nywila sahihi.

Sasa itazame kalenda. Bangladesh mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo ofisi ya Dhaka ilikuwa na watu wachache. Printa inayochapisha kumbukumbu za malipo ilikuwa imezimwa na wadukuzi. Waliokuwa zamu walidhani ni hitilafu ya kawaida tu. Ilipofanya kazi tena na maswali ya New York yakaanza kutoka kwenye karatasi, New York ilikuwa imeshafunga kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili. Ujumbe wa kusimamisha malipo ulipotumwa Manila, ilikuwa Jumatatu tarehe 8, sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, na benki za huko zilikuwa zimefungwa. Jumanne benki ilipofunguliwa, sehemu kubwa ya fedha zile ilitolewa.

Hiyo haikuwa bahati ya mwizi. Aliyepanga wizi ule alijua siku za mapumziko za nchi tatu na akazipanga zifuatane. Dola milioni 81 zilifika Manila, na nyingi zikaishia kwenye kasino, ambazo wakati huo hazikuwa chini ya sheria ya Ufilipino ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Dola milioni 20 nyingine zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu jina la taasisi iliyokuwa ipokee liliandikwa kimakosa, na karani wa Deutsche Bank akauliza kabla ya kupitisha. Maagizo mengi yaliyobaki yalikwama kwa sababu neno Jupiter, jina la mtaa ule wa Makati, lilifanana na jina lililokuwamo kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran. Marekani ilimfungulia mashtaka raia wa Korea Kaskazini mwaka 2018 kuhusiana na wizi huo.

Mwenye duka la vipuri anaweza kusema: hayo ni mambo ya benki kuu, mimi nina kompyuta mbili na mhasibu mmoja. Basi na amtazame Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania. Yeye alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na Quanta Computer, kampuni ya Taiwan inayouza vifaa kwa makampuni makubwa ya Marekani. Kati ya 2013 na 2015, ankara, mikataba na barua zenye mihuri ya kughushi zilitumwa kwa wafanyakazi wa Google na Facebook, waliokuwa wamezoea kuilipa Quanta ya kweli. Wakalipa. Google ilitoa takribani dola milioni 23, Facebook takribani milioni 99. Rimasauskas alikamatwa 2017, na Desemba 2019 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Makampuni yale hayakukosa wataalamu wa kompyuta. Yalikosa mtu wa kumpigia simu muuzaji na kumuuliza kama ile akaunti ni yake.

Ulaghai wa aina hii ndio unaoziumiza biashara za kawaida. Kwa mwaka 2023 peke yake, FBI ilipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na barua pepe za kibiashara zilizoingiliwa au kughushiwa. Nao unamhusu moja kwa moja mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayeagiza mzigo Guangzhou. Mhalifu akishaipata nywila ya barua pepe ya upande mmoja, haandiki lolote. Anasoma. Anaweka maelekezo ya siri ndani ya sanduku la barua ili kila ujumbe wenye neno kama malipo unakiliwe kwake. Anafuatilia bei ikijadiliwa, profoma ikitumwa, kontena likipangiwa meli. Siku ya kulipa inapokaribia, inakuja barua yenye mtindo uleule wa salamu na nembo ileile, ikisema akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kwenye hii nyingine. Pengine anwani imebadilika herufi moja tu. Mzigo ni wa kweli, kiasi ni cha kweli, na mlipaji alikuwa anausubiri ujumbe wa malipo.

Kwa hiyo kinga ya kwanza haiuzwi dukani. Akaunti ya malipo ikibadilika, mtu wa biashara yako ampigie muuzaji kwa namba iliyokuwepo tangu awali, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Asijibu barua ile kwa kuuliza, maana atakayejibu ni mwizi. Na malipo yanayozidi kiwango mlichokubaliana yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, kila mmoja kwa nywila yake. Nimeona ofisi ambazo meneja anamwachia mhasibu nywila yake ili kazi isikwame anaposafiri. Hapo idhini ya watu wawili imebaki kwenye karatasi.

Lakini utaratibu huo unavunjwa na jambo moja ambalo wataalamu wa kompyuta hulisahau, nalo ni heshima. Katika ofisi zetu nyingi karani mdogo haulizi agizo la mkurugenzi. Ujumbe ukisema nipo kwenye kikao, lipa sasa hivi, usinipigie, atalipa, kwa sababu kuuliza kunaonekana ni utovu wa adabu. Wahalifu wanalijua hilo kuliko tunavyolijua sisi. Mkurugenzi mwenyewe ndiye anayepaswa kutamka, mbele ya watumishi wote, kwamba atakayechelewesha malipo yake ili kumpigia simu hatakemewa hata kama agizo lilikuwa la kweli. Na simu hiyo aipige mtumishi mwenyewe, asitegemee kupigiwa, maana hata sauti na sura huweza kughushiwa. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba sura na sauti za bandia zilitumika kuitapeli. Mfanyakazi wa Hong Kong alihamisha takribani dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo viongozi aliowaona walikuwa wametengenezwa na kompyuta.

Kwa upande wa mitambo, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, na ikiwezekana tumia programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu laini inaweza kusajiliwa upya kwa hila na namba za siri zikaenda kwa mwingine. Kagua mara kwa mara kama kuna maelekezo ya kunakili barua ambayo hukuyaweka. Tenga kompyuta ya kulipia, isitumike kufungulia maombi ya kazi wala kuangalia filamu. Kabla ya Pasaka, Idi na mwisho wa mwaka, panga kwa majina nani atakagua malipo na nani ana namba ya mtu wa zamu benki.

Fedha zikishaondoka, piga simu benki yako saa hiyohiyo na udai ombi la kuzirudisha litumwe benki iliyopokea. Kesho yake huenda zimeshahamishwa tena. Usifute barua zile, wala usiifomati kompyuta, kwani huo ndio ushahidi. Kisha nenda polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018, na zote mbili zinautambua ulaghai wa kompyuta kuwa ni jinai.

Sehemu ya tatu itahusu wahalifu wanaofunga mafaili ya kampuni na kudai malipo ili wayafungue.