MDHARAU MWIBA: JINSI BAKTERIA WANAVYOIKWEPA KINGA YA MWILI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaombwa kuisoma taarifa hii kwa makini, na wenye jamaa wasiojua kusoma wawasomee. Makusudio yake ni kueleza kwa nini jeraha dogo, ambalo kwa kawaida hupona lenyewe, mara chache hugeuka kwa muda wa saa chache likawa maradhi ya kuozesha nyama, na kwa nini mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kungojeshwa hata usiku mmoja.

Wazee walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Tuchukue mfano wa mkulima wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, anayepalilia alizeti yake kisha jembe likamkwaruza ugoko. Au mvuvi wa visiwani aliyechomwa kidole na mwiba wa samaki. Ngozi ndiyo ngome ya kwanza ya mwili. Ikishatoboka, bakteria huingia, na mwili huita askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Askari hawa humeza bakteria, humwaga sumu za kuwaua, na pia hutupa nyavu zilizofumwa kwa nyuzi za jeni zao wenyewe ili kuwanasa. Habari ya nyavu hizo ilitangazwa na wataalamu wa Berlin, Ujerumani, mwaka 2004. Mara nyingi vita huishia hapo, nasi huona usaha kidogo, kisha kidonda hukauka.

Lakini wako bakteria wenye hila. Mashuhuri miongoni mwao ni streptokoki wa kundi A, ambao aghalabu hukaa kooni au juu ya ngozi bila ya kuleta madhara makubwa. Hila zao ni hizi. Kwanza, hujivika joho la sukari lililo sawa na kitu kilichomo mwilini mwetu, hivyo askari hawawatambui upesi. Pili, hukatakata ujumbe wa kikemikali unaowaita askari kuja penye jeraha. Tatu, hutoa kimeng'enya cha kuzikata zile nyavu na kuponyoka. Nne, hutoa sumu za kutoboa chembe nyeupe zenyewe. Ndiyo maana daktari anayempasua mgonjwa wa maradhi haya mara nyingi hakuti usaha mzito, bali maji mepesi ya rangi ya kijivu na nyama iliyokwisha kufa.

Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba bakteria hawa hubadilika wakiwa ndani ya mgonjwa. Katika mamilioni yao, wachache huzaliwa na kasoro katika jeni inayotawala silaha zao. Kasoro hiyo huzima kimeng'enya kimoja ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, kilikuwa kikiiharibu silaha ya kukata nyavu. Kikizimwa, silaha hiyo husalimika, na joho nalo huwa nene zaidi. Chembe nyeupe huwaua bakteria wa kawaida na kuwaacha wenye kasoro, ambao huzaana na kuenea chini ya ngozi, juu ya utando unaofunika misuli. Basi kinga yenyewe ndiyo iliyowachuja wakali na kuwabakisha. Jambo hili limeonekana kwa wanyama wa majaribio, na bakteria wenye kasoro ya namna hiyo wamepatikana pia kwa wagonjwa mahututi.

Yafaa ieleweke kwamba penisilini bado inawaua streptokoki hawa. Taabu ni kwamba dawa husafiri katika damu, na nyama iliyokufa haina damu. Kwa hiyo mgonjwa huhitaji kupasuliwa haraka ili nyama mbovu iondolewe, pamoja na dawa za sindano, ikiwemo klindamaisini, ambayo huwazuia bakteria kutengeneza sumu.

Wenye kisukari wamo hatarini zaidi, kwani sukari nyingi hudhoofisha chembe nyeupe, na ganzi huwaficha maumivu. Mwaka 2002 Marekani ilichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam, walioonekana kati ya 1998 na 2002, ambao majeraha madogo ya mkono yaliwaletea maambukizo mazito. Miongoni mwao wako waliokatwa viungo na waliofariki dunia, na kuchelewa kufika hospitali kulikuwa sehemu ya msiba huo.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kila jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha lifunikwe. Lisipakwe samadi, majivu wala udongo.

2. Mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa iwapo maumivu yamezidi kiasi cha jeraha, uvimbe unaenea saa hata saa, ana homa na kulegea, au ngozi imegeuka zambarau au nyeusi au imetoka malengelenge.

3. Maumivu makali yakikoma ghafla ilhali uvimbe unaendelea, hiyo si dalili ya kupona. Huenda mishipa ya fahamu imekufa.

4. Mwenye kisukari akague mikono na miguu yake kila siku, wala asingoje maumivu.

5. Wakuu wa idara wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wenye dalili hizi papo hapo, na masheha na watendaji wa vijiji wasaidie kutafuta usafiri, hata kama ni usiku.

Inasisitizwa kwamba bakteria hawa hawangoji asubuhi. Saa moja iliyookolewa njiani yaweza kuwa ndiyo mguu uliookolewa, au roho.