Safari ya Naitrojeni Mwilini (2): Makabidhiano ya Kundi la Amino

Wiki iliyopita tuliishia pale protini ya dagaa inapomeng'enywa tumboni na kuwa asidi amino. Leo tuifuate ndani ya msuli wa mchimbaji wa Maganzo, anayepiga sururu tangu alfajiri jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui.

Kazi ikirefuka na njaa ikiuma, msuli huvunja baadhi ya asidi amino zake. Sehemu ya kaboni huchomwa kama kuni. Kundi la amino, lenye naitrojeni moja na hidrojeni mbili, haliachwi hivi hivi, maana likiwa huru huzaa amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Kimeng'enya hulipokea na kulipachika kwenye asidi nyingine isiyo nalo. Piruveti, zao la sukari iliyovunjwa, ikilipata huwa alanini. Alanini husafiri na damu hadi kwenye ini, huko huvuliwa kundi lile na kurudi kuwa piruveti, ambayo ini huitengenezea sukari mpya ya msuli. Wanasayansi Braunstein na Kritzmann walieleza makabidhiano haya mjini Moscow mwaka 1937, wakitumia misuli ya njiwa.

Asidi amino iitwayo lisini haimo katika makabidhiano hayo: mwili hauwezi kuiunda kwa njia hii, na mahindi yana lisini kidogo. Ugali mtupu hushibisha tu. Choroko na dagaa ndivyo vinavyoziba pengo.

Kimeng'enya chenyewe hutegemea vitamini B6, ndiyo inayolishika kundi la amino kabla ya kulitoa. Hapa habari inawagusa sana wachimbaji wa dhahabu wa Geita. Vumbi la mwamba likivutwa kwa miaka hudhoofisha mapafu, na kifua kikuu hupata nafasi. Isoniazidi, mojawapo ya dawa zake, hujishikiza kwenye B6 na kuipunguza. Mishipa ya fahamu nayo huihitaji, kwa hiyo nyayo huanza kuchomachoma, kisha ganzi. Vidonge vya piridoksini anavyopewa mgonjwa ndiyo B6 yenyewe. Asiviache kabatini akidhani ni nyongeza tu.

Isoniazidi huweza pia kuliumiza ini. Seli zikiharibika, vimeng'enya vya makabidhiano huvuja kwenye damu, na maabara huvipima kwa majina ya ALT na AST. Lakini AST imo hata kwenye misuli: aliyeshinda na sururu jana anaweza kuonekana nayo juu ilhali ini lake ni zima. Amweleze daktari kazi yake kabla ya kutolewa damu.

Toleo lijalo tutaingia ndani ya ini, tuone amonia inavyofanywa urea.